“Padre, Ile Asilimia Umeipata Wapi?” Tovuti za Serikali na Utafiti wa Wanafunzi Wetu

Baada ya Misa ya pili ya Dominika moja ya Kipindi cha Kawaida, nilipokuwa nikivua kasula sakristiani, binti mmoja wa kidato cha tatu alibisha hodi akiwa ameshika daftari. “Tumsifu Yesu Kristo, Padre.” Nami nikaitikia, “Milele, amina.” Katika mahubiri ya siku hiyo nilikuwa nimetaja asilimia ya Wakristo na asilimia ya Waislamu nchini Tanzania, kwa nia ya kuwahimiza waamini waishi kwa ujirani mwema na ndugu zao wa dini nyingine. Binti yule hakuwa na neno na ujirani mwema. “Samahani, Padre,” akasema, “ile asilimia umeipata wapi? Mwalimu wetu wa Jiografia ametupa kazi ya kutafuta takwimu za nchi kwenye tovuti za Serikali. Hiyo nimeitafuta wiki nzima, sijaiona.”

Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Asilimia ile nilikuwa nimeisoma katika ujumbe uliosambazwa kwenye kundi moja la WhatsApp. Haukuwa na jina la mwandishi, haukuwa na mwaka, wala haukusema nani aliyehesabu. Nilikuwa nimeupandisha hadi mimbarini kwa sababu tu ulifaa kwa hoja yangu. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Naye akaandika kitu fulani katika daftari lake, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumuuliza aliandika nini.

Makala haya yametokana na swali lile. Yanawalenga hasa walimu wa shule zetu za Kanisa, walezi wa seminari ndogo, makatekista wanaofundisha dini mashuleni, na wazazi ambao watoto wao hurudi nyumbani na kazi ya “kafanyeni utafiti mtandaoni.” Maneno hayo ni mepesi kutamka. Mtoto aliyeagizwa hivyo bila kuelekezwa huenda mahali palipo karibu, naye huleta alichokikuta, kama mimi nilivyofanya.

Nianze na jibu ambalo binti yule alistahili kupewa palepale. Hakuipata asilimia ile katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa sababu haimo. Sensa ya mwaka 1967, ambayo ilikuwa ya kwanza baada ya Muungano, iliuliza juu ya dini ya mtu. Sensa zilizofuata za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Serikali imeshikilia kwamba hesabu ya namna hiyo haihitajiki katika kupanga maendeleo, na kwamba inaweza kuwagawa wananchi. Si wote walioridhika na msimamo huo. Kabla ya Sensa ya mwaka 2012 baadhi ya ndugu zetu Waislamu walidai kipengele hicho kirudishwe, na wapo waliohamasisha watu wasusie kuhesabiwa. Kwa hiyo mtu yeyote anayesema “kwa mujibu wa Sensa” kisha akataja asilimia ya waumini wa dini fulani katika Tanzania ya leo, anasema jambo ambalo Sensa haikulisema. Zipo taasisi za utafiti ambazo huwahoji watu wachache waliochaguliwa na kukadiria kutokana nao, lakini makadirio yao hayalingani. Kanisa nalo lina hesabu zake: kila parokia hujaza takwimu za mwaka, jimbo huzikusanya, nazo hufika katika ofisi ya takwimu za Kanisa kule Vatikano. Hizo ni hesabu za waliobatizwa, zilizoandikwa na mapadre wenye kazi nyingi. Muumini aliyebatizwa Sumbawanga akahamia Tunduma anaweza kuhesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa.

Naona hapa ndipo palipo na faida ya kwanza ya kumpeleka mwanafunzi kwenye chanzo chenyewe. Anajifunza kwamba “haimo” nalo ni jibu la utafiti. Mwanafunzi anayeandika, “Nimetafuta katika ripoti za Sensa ya mwaka 2022 na kuona kwamba swali la dini halikuulizwa,” amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake aliyejaza nafasi kwa tarakimu ya kuokota. Nasikitika kusema kwamba mara nyingi yule wa pili ndiye anayepewa alama. Na katika nchi ambamo takwimu za dini zimewahi kutumika kama fimbo za kupigana, mtoto anayejua kwamba fimbo hizo hazina mwenyewe anaijenga amani kuliko mahubiri yangu ya siku ile.

Sasa, tovuti hizo ni zipi, na mtu atazitambuaje? Anwani za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na herufi go.tz. Kwa jirani zetu Kenya ni go.ke, na Uganda ni go.ug. Anayesoma anwani aanzie mwisho wake, hapo kabla ya mkwaju wa kwanza, kwa kuwa matapeli wanaotangaza ajira na mikopo hupenda kupachika neno “serikali,” au hata herufi hizohizo, katikati ya anwani ndefu inayoishia kwingine kabisa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina ripoti za Sensa, bei za bidhaa na pato la taifa. Bunge lina miswada, sheria na kumbukumbu za majadiliano. Wizara ya Fedha ina vitabu vya bajeti, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina taarifa za mvua, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ina ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa upande wa Zanzibar ipo Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Shule ya sekondari haihitaji zaidi ya hizo kwa kuanzia. Mimi ningeanza na Sensa peke yake, kwa sababu kila mtoto yumo ndani yake.

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kati yao wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Mwalimu awape wanafunzi tarakimu hizi na kuwaagiza wazijumlishe. Wakiona kwamba wanawake na wanaume wanafikia jumla ileile inayofikiwa na Bara na Visiwani, wameshajifunza kuihoji hesabu kabla ya kuinukuu. Kisha wachukue Sensa ya mwaka 2012, iliyohesabu watu 44,928,923, na watoe. Nchi iliongezeka watu 16,812,197 katika miaka kumi. Hapo mazungumzo darasani huchangamka yenyewe, maana kila mmoja anayajua madawati ya shule aliyosoma.

Lipo na swali ambalo wanafunzi wa bweni hulipenda: nilihesabiwa wapi? Sensa yetu huhesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku ya Sensa. Mseminari aliyelala seminarini usiku ule alihesabiwa katika kata ilipo seminari, si kijijini kwa mama yake. Kata yenye shule kubwa za bweni inaweza basi kuonekana ina vijana wengi mno, na ya kijijini ikaonekana imepungukiwa nao. Tarakimu zote mbili ni sahihi, ila zinadai msomaji anayejua namna zilivyopatikana.

Niliwahi kuona jambo linalofanana na hilo likileta madhara. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulisikia katika mdahalo wa shule moja, ambayo sitaitaja, kijana akithibitisha kwa tarakimu kwamba watu wa Mbeya wanapungua. Hakuokota uvumi. Alikuwa na ripoti mbili rasmi mkononi. Sensa ya mwaka 2012 iliupa Mkoa wa Mbeya watu 2,707,410, na ile ya mwaka 2022 ikaupa watu 2,343,754. Tofauti ni 363,656. Kijana aliieleza tofauti hiyo kwa ufasaha mkubwa: maradhi, vijana kukimbilia mijini, uzazi wa mpango. Mgeni mmoja wa heshima akasimama na kuongeza sababu zake mwenyewe kuhusu kuporomoka kwa maadili. Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu wa zamu, mama mpole aliyekaa nyuma, akauliza swali moja tu: “Mwanangu, Songwe umeiweka wapi?”

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma, ambazo mwaka 2012 zilihesabiwa ndani ya Mbeya, mwaka 2022 zilikuwa na mkoa wao, nao ulikuwa na watu 1,344,687. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili, eneo lilelile lilikuwa na watu 3,688,441. Halikupungukiwa hata kidogo, bali liliongezeka watu karibu milioni moja. Tarakimu za kijana zilikuwa za kweli, moja moja, na chanzo kilikuwa cha kuaminika. Lakini hitimisho lilikuwa la uongo, na kila sababu iliyoning’inizwa juu yake, pamoja na zile za kimaadili, ilikuwa inaeleza jambo ambalo halikutokea.

Tukio hilo nalirudia mara nyingi ninapozungumza na walimu, kwa kuwa linatuonya juu ya kosa lililo kinyume cha lile langu la mimbarini. Mimi nilikiamini kisicho na chanzo. Kijana yule aliamini kwamba chanzo kizuri kinatosha. Tovuti ya Serikali haimwondolei mwanafunzi kazi ya kufikiri. Inampa tu kitu kinachostahili kufikiriwa. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, aulize kama mipaka ni ileile, kama swali lililoulizwa ni lilelile, na kama maana ya maneno haikubadilika. Ripoti zenyewe huyaeleza hayo, lakini katika kurasa za mwanzo ambazo wanafunzi wetu huziruka ili wafike kwenye majedwali. Mwalimu awazuie hapo kwa dakika ishirini.

Mintarafu namna ya kunukuu chanzo, nimejaribu mifano mingi, na uliofanikiwa zaidi ni ule wa kitabu cha ubatizo. Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 877, humtaka paroko aandike jina la mbatizwa, aliyembatiza, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kila kijana Mkatoliki amewahi kutumwa parokiani kuchukua cheti cha ubatizo, naye anajua usumbufu wa jina lisiloonekana kitabuni. Basi namwambia: tarakimu yako nayo iandikishe. Wazazi wake ni akina nani, yaani ofisi gani iliihesabu? Ilizaliwa lini, yaani ni ya mwaka gani? Imo katika kitabu kipi, jedwali la ngapi, ukurasa wa ngapi? Na wewe uliichukua lini? Hilo la mwisho ni muhimu, kwa kuwa kurasa za tovuti hubadilishwa au huondolewa bila tangazo, na kiungo kilichofunguka mwezi Machi huenda kisifunguke Juni. Tarakimu isiyo na kumbukumbu hizo si lazima iwe ya uongo, kama vile mtu asiye na cheti si lazima awe hajabatizwa. Lakini hatuwezi kuendelea nayo hadi tuulize.

Najua kinachosemwa baada ya hapo: intaneti iko wapi, Padre? Ni kweli kwamba darasa lenye wanafunzi zaidi ya sitini na kompyuta moja ya mkuu wa shule haliwezi “kuperuzi” kitu. Wala halihitaji. Mwalimu mmoja mwenye bando la usiku anaweza kupakua ripoti nzima ya Sensa mara moja, akaiweka kwenye flashi, na shule ikaitumia miaka kadhaa, kwa sababu Sensa haibadiliki kila juma. Kurasa nne za jedwali la wilaya yenu zikichapishwa na kunakiliwa, darasa zima lina kazi ya wiki tatu. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi ile vishikwambi hivyo viligawiwa kwa walimu. Katika baadhi ya shule nimevikuta kabatini, vimefungwa kwa kufuli ili visiharibike. Kifaa kilichowahesabu wanafunzi kingeweza kuwaonyesha hesabu yao.

Ugumu mwingine ni wa lugha. Ripoti nyingi za kitaalamu zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili huzikimbia. Hapa mwalimu wa Kiswahili anaweza kumwokoa mwenzake wa Jiografia, kwa kuwa iko hazina kubwa ya Kiswahili rasmi ambayo shule haziigusi: kumbukumbu za Majadiliano ya Bunge, zinazojulikana kwa jina la Hansard. Humo mna maswali ya wabunge na majibu ya mawaziri, neno kwa neno, juu ya barabara, maji, pembejeo za ruzuku na uhaba wa walimu. Mwanafunzi anaweza kutafuta jina la wilaya yake na kuona mara ngapi limetajwa, nani alilitaja, na aliahidiwa nini. Wakati wa mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, kurasa hizo huwa nyingi mno, na mwalimu itampasa achague kikao kimoja tu.

Ila hapo pana mtego, na sisi tuliopitia seminari tunaufahamu kutoka darasa la Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Ayubu kina maneno mengi ya rafiki zake, na mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea kwa yale waliyoyasema. Mtu anaweza kuchukua maneno yao na kuyahubiri kama fundisho, na akasema kwa haki kwamba yamo katika Biblia. Hansard ni shahidi mwaminifu kwamba mbunge alisema jambo fulani siku fulani. Si ushahidi kwamba jambo hilo ni kweli. Waziri akisema zahanati imekamilika, mwanafunzi aandike kwamba waziri alisema hivyo, kisha Jumamosi avae viatu akaitazame. Sehemu hiyo ya utafiti haina bando.

Hilo linanipeleka kwenye swali ambalo walimu huniuliza kwa sauti ya chini. Je, ni salama kuwafundisha watoto kuzihoji takwimu za Serikali? Hofu hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zenye kutilia shaka zile rasmi. Mwaka uliofuata, 2019, Bunge liliyalegeza masharti hayo. Walimu wengi walilisikia tangazo la kwanza na hawakulisikia la pili. Kuuliza tarakimu ilipatikanaje ndiyo heshima ambayo mtakwimu yeyote mwaminifu angependa kuipata. Tena, Serikali yenyewe hujihoji hadharani. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu akague hesabu kila mwaka, akabidhi ripoti yake kwa Rais, nayo ifike bungeni. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha bajeti cha halmashauri yake na kisha ripoti ya ukaguzi ya halmashauri hiyohiyo hajatoka nje ya maktaba ya Serikali, na tayari amekutana na mashahidi wawili wasiosema lugha moja.

Maandiko Matakatifu nayo hayana mawazo mepesi juu ya kuhesabu watu. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mfalme Daudi anaamuru hesabu ya watu wenye kuweza kushika upanga, na jambo hilo linahesabiwa kuwa dhambi, kwa kuwa alitaka kuona ukubwa wa nguvu zake. Mwinjili Luka, aliyeanza Injili yake kwa kueleza kwamba alichunguza mambo yote kwa makini tangu mwanzo, anatuonyesha Yosefu na Maria wakisafiri kwenda Betlehemu kwa sababu ya kuandikishwa, na Mwana wa Mungu akizaliwa katika safari hiyo ya kiserikali. Kuhesabiwa kunaweza kuwa kiburi cha mtawala, na kunaweza kuwa njia ya mtoto wa maskini kutambuliwa kwamba yupo. Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika Waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliiweka haki ya kupata habari za kweli juu ya mambo ya umma miongoni mwa haki za binadamu. Katiba yetu nayo, katika Ibara ya 18, inaitambua haki ya kila mtu kupewa taarifa juu ya masuala muhimu kwa jamii. Mwanafunzi anayefungua ripoti ya Serikali haombi fadhila.

Wapo wanaosema kazi hii yote imepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mtoto anaiuliza akili unde na kujibiwa kwa sekunde mbili. Nimejaribu. Nilipata tarakimu nzuri, iliyopangwa vizuri, isiyokuwa na wazazi wala tarehe ya kuzaliwa. Ilinikumbusha ule ujumbe wa WhatsApp, isipokuwa sarufi yake ilikuwa bora.

Kikwazo kigumu kuliko bando na lugha kiko kwa sisi tunaofundisha. Baada ya mazungumzo yetu ya sakristiani nilipata kujua kwamba binti yule alikuwa amekatwa alama katika jaribio. Aliandika idadi ya watu ya mwaka 2022, akataja na ripoti, ila mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na ile ya mwaka 2012. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema na mwenye madaftari mengi, aliweka mkasi mwekundu na kuendelea. Nilimwendea kwa faragha, nikamkuta tayari ameshajua na anaona haya, asijue namna ya kurekebisha bila kuonekana ameshindwa na mtoto. Nikamwambia kwamba hali hiyo naijua vizuri, na kwamba mimi bado nilikuwa na deni kubwa kuliko lake.

Kwa maana asilimia yangu ilikuwa bado mimbarini. Dominika iliyofuata, wakati wa matangazo, baada ya ndoa za kutangazwa na kabla ya zamu ya Jumuiya ya Mtakatifu Rita kufagia kanisa, niliwaambia waamini kwamba tarakimu niliyoitaja juma lililopita sikuwa na chanzo chake, kwamba Sensa ya nchi yetu haiulizi dini ya mtu, na kwamba mwanafunzi mmoja wa parokia hii ndiye aliyenisahihisha. Sikumtaja jina. Mzee mmoja wa baraza la walei alinisubiri nje ya mlango. Alikuwa ameituma asilimia ile kwa watoto wake watatu walioko Dar es Salaam, na sasa alitaka kujua awaandikie nini.